Mkristu Hujulikana kwa Nini?



Katika vijiji vyetu, kabla Padri hajafika na kabla katekista hajafungua kitabu, watu wamekwisha kupata habari za Ukristu. Hawakuzipata kwa mahubiri. Wamezipata kwa kumtazama jirani aliyebatizwa: jinsi apimavyo unga, jinsi alipavyo deni, jinsi asemavyo na mke wake, jinsi amtunzavyo mama yake mzee. Wengi wenu mmekuja kuomba mafundisho kwa sababu ya mtu mmoja wa namna hiyo. Na wengine mlikawia kuja kwa sababu ya mtu mwingine, ambaye naye amebatizwa, lakini mwenendo wake uliwachukiza.

Kwa hiyo yako maswali mawili ambayo wakatekumeni hupenda kuwauliza makatekista wao, nayo si maswali ya mchezo. La kwanza: Imani imo moyoni, na moyo wa mtu hakuna auonaye ila Mungu, basi yawezekanaje jirani aione imani yangu? La pili: Kama Mkristu fulani ni mwizi, na mzee fulani asiyebatizwa ni mwema, ubatizo una faida gani? Tutayajibu polepole, moja baada ya lingine; maana ninyi wenyewe, mtakapokwisha kubatizwa, ndinyi mtakaokuwa jibu mbele ya watu wa kijiji chenu.

I. MZIZI HAUONEKANI, MAJANI YAONEKANA

Imani ni kipaji cha Mungu, nayo hukaa ndani ya moyo. Hilo ni kweli. Lakini kitu kilicho ndani si lazima kibaki kimefichika. Mtazameni mkulima wa mihogo. Yeye hafukui udongo kila siku ili ajue kama mihogo yake ni mizima. Hutazama majani. Akiona majani yamejikunja na yana mabaka ya manjano, ajua kwamba mmea una ugonjwa na kwamba mavuno yatakuwa haba. Majani si mzizi. Lakini uzima wa mmea ni mmoja, na ugonjwa wake ni mmoja.

Ndivyo ilivyo kwa imani. Mtakatifu Yakobo, katika sura ya 2 ya barua yake, atoa mfano wa ndugu asiye na nguo wala chakula cha siku. Mwenziwe ampa maneno mazuri ya kumtakia joto na shibe, lakini hampi kitu chochote. Maneno hayo yamfaa nini? Yakobo ajibu kwamba imani isiyo na matendo imekufa. Angalieni vema: hasemi kwamba imani hiyo ni dhaifu au kwamba imelala, asema kwamba imekufa. Wala haimaanishi kwamba sisi tunaununua uzima wa mbinguni kwa matendo yetu, kama mtu anunuavyo chumvi sokoni. Neema ya Mungu yatolewa bure. Matendo mema ni alama kwamba neema hiyo imepokewa kweli.

Na matendo hayo ni yapi? Wako wanaodhani kwamba Mkristu hujulikana kwa rozari shingoni, kwa medali, kwa jina jipya la Petro au la Maria, na kwa kutokosa Misa ya Dominika. Mambo hayo ni mema, na Misa ya Dominika ni amri ya Eklezia. Lakini jirani asiyeingia kanisani haioni Misa yetu. Yeye hutuona siku ya Jumatatu, shambani na kisimani.

Hatusemi kwamba alama za nje si kitu. Mwenye Heri Isidori Bakanja, kijana wa Equateur katika nchi yetu, alibatizwa tarehe 6 Mei 1906. Alikwenda kufanya kazi katika shamba la mpira la Wazungu huko Ikili, naye alivaa skapulari ya Bikira Maria pasipo kuificha. Msimamizi wa shamba, aliyeichukia dini, alimwamuru aivue. Isidori alikataa, naye akapigwa kwa kiboko hata akapata vidonda vibaya, ambavyo vilimwua tarehe 15 Agosti 1909. Kabla ya kufa alimsamehe yule aliyempiga, akaahidi kumwombea mbinguni. Skapulari ile ilikuwa vipande viwili vya kitambaa tu. Lakini wenzake walijua maana yake, kwa kuwa aliyeivaa alikuwa mtu wa sala, aliyewafundisha wengine kusali, na ambaye hakulipa uovu kwa uovu. Papa Yohane Paulo II alimtangaza kuwa Mwenye Heri tarehe 24 Aprili 1994.

II. MANENO MAWILI YA BWANA WETU

Hapa mkatekumeni anayeisoma Injili kwa makini aweza kusimama na kuuliza. Katika Injili ya Mtakatifu Mateo, sura ya 5, Bwana Yezu awaambia wanafunzi wake kwamba wao ni mwanga, na kwamba hakuna awashaye taa kisha akaifunika. Watu na wayaone matendo yao mema, wapate kumtukuza Baba. Lakini katika sura ya 6 awaonya wasitende wema mbele ya watu ili watazamwe, na mtoa sadaka asipige tarumbeta. Je, Bwana amejipinga? Tuonekane au tujifiche?

Hasha, Bwana hakujipinga. Tofauti iko katika nia. Katika neno la kwanza, sifa yamwendea Baba. Katika neno la pili, sifa yamrudia mtendaji. Tendo lenyewe laweza kuwa moja. Watu wawili wampelekea mjane kikapu cha mihogo. Wa kwanza apita katikati ya kijiji saa ambayo watu wameketi barazani, naye asema kwa sauti anakokwenda. Wa pili apita njia hiyo hiyo, kwa kuwa ndiyo njia ya kwenda kwa mjane. Watu wamwona, naye hajali kama wamemwona au la. Mjane amekula siku zote mbili. Lakini wa kwanza alikwenda kujilisha mwenyewe, na mihogo ilikuwa nauli tu.

Wakulima wetu wajua kwamba uko ugonjwa mwingine wa mihogo, mbaya kuliko ule wa majani kujikunja. Mmea wasimama vizuri, majani yake ni mabichi, na mwenye shamba afurahi. Siku ya kuchimba akuta muhogo umeoza ndani, umejaa madoa ya kahawia, haufai kuliwa. Huo ndio mfano wa mnafiki. Kwa macho ya watu ni mzima. Mavuno ndiyo yatakayomfichua.

Basi, mtu ataijuaje nia yake? Ziko alama tatu. Ya kwanza: je, wema wako hukoma pale ambapo hakuna mtu wa kukuona? Ya pili: je, hukasirika usipopewa shukrani? Ya tatu: je, humtendea mtu asiyeweza kukulipa kama umtendeavyo mkubwa wa kijiji? Ajibuye maswali haya matatu kwa unyofu, atajijua.

Lakini mtu asichukue onyo la Bwana kuwa kisingizio cha kuuficha Ukristu wake. Wako wanaoacha kufanya ishara ya msalaba mezani kwa wageni, wakisema hawapendi kujionyesha. Kumbe waona haya. Ajionyeshaye kwa kiburi na ajifichaye kwa haya wana kosa moja: wote wawili wajifikiria wenyewe. Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Chema hakizunguki njiani kikipiga kelele, wala hakijifungii ndani ya sanduku. Kiko mahali pake, na mwenye haja hukiona.

III. CHAKULA WALICHOPELEKEWA ASKARI

Mwanzoni mwa karne ya 4, kijana mmoja wa Misri aliyeitwa Pakomio alikamatwa pamoja na wenziwe ili wafanywe askari. Hakuwa Mkristu, wala wazazi wake hawakuwa Wakristu. Vijana hao walipakiwa katika chombo juu ya mto Nili, wakafikishwa katika mji wa Thebe, wakafungiwa humo kama wafungwa. Walikuwa na njaa na huzuni, maana walikuwa wakipelekwa katika vita ambavyo havikuwa vyao.

Jioni, watu wa mji walikuja na chakula na maji, wakawapa. Pakomio alishangaa. Watu wale hawakumjua. Hawakuwa wa ukoo wake. Hawangelipwa na mtu. Aliuliza ni watu gani, akaambiwa kwamba ni Wakristu, nao huwatendea wema watu wote, hata wageni, kwa ajili ya Mungu wao. Usiku ule Pakomio alisali kwa Mungu huyo ambaye hakumjua bado, akaahidi kwamba akifunguliwa atamtumikia na kuwahudumia watu. Alipofunguliwa, alijifunza dini akabatizwa. Baadaye alikusanya watawa wengi waishi pamoja chini ya kanuni moja, na Eklezia yamheshimu kama Mtakatifu Pakomio, baba wa watawa wanaoishi katika jumuiya.

Sasa fikirini. Hakuna ajuaye majina ya Wakristu wale wa Thebe. Pengine alikuwa mama mmoja na binti zake, na chungu cha maharagwe. Hawakufika pale ili kumwongoa mtu. Walifika kwa sababu watu walikuwa na njaa. Wala hawakujua kwamba katika giza la chumba kile alikuwamo mtu ambaye angetajwa katika Eklezia kwa miaka zaidi ya elfu moja na mia sita. Wao walitoa chakula tu, na lililobaki alilitenda Mungu.

IV. MCHELE ULIOHARIBIKA

Mtu aweza kusema: hayo ni mambo ya kale, na ya nchi ya mbali. Basi tutazame mjini Goma, katika Kivu ya Kaskazini. Huko alizaliwa Floribert Bwana Chui tarehe 13 Juni 1981. Hakuwa padri wala mtawa. Alisoma sheria, alikuwa na mchumba, naye katika jumuiya ya Sant'Egidio aliwatunza na kuwafundisha watoto wasio na makao waliolala njiani. Mwaka 2007 alikuwa na kazi katika idara ya serikali ya kukagua bidhaa mpakani. Kazi yake ilikuwa kutazama kama vyakula vinavyoingia nchini vyafaa kuliwa.

Mchele ulioharibika ulifika mpakani. Wenye mali walimpa fedha ili aupitishe, naye akakataa. Waliongeza fedha, akakataa tena. Alimwuliza mtawa aliyekuwa daktari kama chakula cha namna hiyo chaweza kuwadhuru watu. Kisha alisimama imara: fedha ingekwisha upesi, lakini watu ambao wangekula mchele ule, je, wangekuwaje? Tarehe 7 Julai 2007 alitekwa nyara, akateswa, akauawa. Alikuwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo huko Roma, Eklezia ilimtangaza kuwa Mwenye Heri na shahidi.

Floribert hakuamriwa aikane dini. Hakuna aliyemwambia avue rozari au asiende Misa. Aliombwa atie sahihi yake tu, kama wengine wanavyotia kila siku, na wengi wangemwita mjinga kwa kukataa. Hata hivyo Eklezia imemhesabu shahidi pamoja na wale waliokataa kuabudu sanamu. Kwa nini? Kwa sababu aliona kwamba mtu maskini ambaye angenunua kilo moja ya mchele ule ni ndugu yake, na kwamba kumwuza ndugu yako kwa fedha ni kumwuza Kristu. Imani yake ilionekana mezani pa kazi.

V. MAHALI AMBAPO JIRANI HUTUTAZAMA

Si kila Mkristu ataitwa kufa. Lakini kila Mkristu anayo meza yake ya kazi. Tuitazame mitatu.

Meza ya kwanza ni soko. Wako wauzaji wanaokigonga kitako cha kopo kiingie ndani, ili unga uwe pungufu na mnunuzi asijue. Wako wanaonunua kwa kopo pana na kuuza kwa kopo jembamba. Wako wanaochanganya mawese na maji. Kitabu cha Mithali chafundisha wazi kwamba Mungu huichukia mizani ya hila. Mama mmoja atajibu: "Wote hufanya hivyo, nikipima haki, nitapata hasara na watoto wangu watalala njaa." Jibu hilo tusilidharau, maana hasara hiyo ni ya kweli. Hatuwezi kumwahidi kwamba kipimo cha haki kitamtajirisha. Twaweza kumwambia neno hili tu: hasara ile ndogo ya kila siku, aliyoikubali kwa ajili ya Mungu, ndiyo mahubiri ambayo wanunuzi wake wanayafahamu bila katekista. Na mnunuzi maskini, ambaye watoto wake nao wana njaa, ataondoka na haki yake.

Meza ya pili ni nyumba. Mtu aweza kuwa mwimbaji wa kwaya, na mke wake akatetemeka asikiapo hatua zake mlangoni. Aweza kuwa wa kwanza katika shirika, na mtoto wa marehemu ndugu yake akalala jikoni bila blanketi. Tazameni hasa mambo ya wajane. Mume akifa, mara nyingine jamaa zake hufika kabla matanga hayajaondolewa, wakachukua sufuria, mbuzi, mabati na shamba, wakamwacha mama na watoto mikono mitupu, wakisema kwamba ndiyo desturi. Sheria ya jamaa ya Kongo, ya mwaka 1987, yamhesabu mke aliyefiwa kuwa mmoja wa warithi. Lakini hata pasipo sheria ya nchi, Mkristu ajua kwamba Mungu huwatetea mjane na yatima. Katika jamaa ile yenye ugomvi, ndugu mmoja aliyebatizwa akisema, "Mimi sitachukua kitu, na vitu hivi ni vya watoto," neno lake litakumbukwa hata wajukuu watakapokuwa wazee.

Meza ya tatu ni msiba, na hapa ndipo penye jaribu kubwa. Mtoto ameugua, akafa. Uchungu ni mkubwa, na watu watafuta wa kumlaumu. Mmoja ataja jina la bibi kizee akaaye peke yake ukingoni mwa kijiji: macho yake ni mekundu, hana watoto, aliomba chumvi nyumbani kwa marehemu juma lililopita. Jioni maneno yamekwisha kuwa hukumu. Usiku vijana wachukua fimbo na moto. Ndugu zangu, katika mikoa yetu wako wazee waliouawa namna hiyo, na katika makundi yale ya watu walikuwamo wenye majina ya ubatizo.

Mkristu afanye nini saa ile? Kwanza, akumbuke alivyokiri na kukataa: mwenye kumkataa Shetani na mambo yake yote hawezi kuongozwa na hofu ya wachawi. Macho ya wazee huwa mekundu kwa moshi wa jikoni wa miaka mingi. Homa ya mtoto yaletwa mara nyingi na mbu au na maji machafu, na dawa yake iko zahanati. Pili, aende kwa yule bibi kabla ya usiku, aketi naye mlangoni, au amchukue nyumbani kwake. Awaite katekista na wakubwa wa kijiji. Tatu, awaendee wafiwa, alie pamoja nao, asiwatukane kwa hofu yao, maana uchungu wao ni wa kweli. Atendaye hivyo aweza kuchukiwa. Huenda watu wakasema kwamba naye ni mchawi. Yezu naye alimtetea yule mwanamke ambaye washtaki wake walitaka apigwe mawe, na walipokwisha kuondoka ndipo aliposema naye. Asiyemjua Kristu, akimwona Mkristu ameketi mlangoni pa bibi kizee usiku ule, amekwisha kuona kitu cha Injili.

VI. MKRISTU MWOVU NA MTU MWEMA ASIYEBATIZWA

Sasa tulijibu swali la pili. Watu husema, samaki mmoja akioza, wote wameoza. Wamwona Mkristu mmoja mlevi na mwongo, nao wasema: "Hiyo ndiyo dini yao." Tusiwakasirikie upesi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya tarehe 7 Desemba 1965 juu ya Eklezia katika ulimwengu wa leo, ulikiri kwamba waamini wenyewe, kwa makosa ya mwenendo wao, waweza kuuficha uso wa Mungu badala ya kuuonyesha. Kama Eklezia yenyewe imekiri hivyo, sisi tusijitetee kwa maneno mengi.

Lakini twaweza kumwuliza jirani swali moja. Mgonjwa amekwenda zahanati, amepewa vidonge, amerudi navyo nyumbani, akaviweka chini ya mkeka bila kuvimeza. Ugonjwa ukizidi, je, tutasema kwamba dawa ni mbaya? Mkristu aliyebatizwa na kuishi katika dhambi pasipo kujuta ana dawa chini ya mkeka. Ole wake, kwa kuwa ataulizwa zaidi kuliko yule ambaye hakupewa. Lakini dawa ni nzima.

Na yule mzee mwema asiyebatizwa? Tumheshimu na tumshukuru Mungu kwa ajili yake. Mtaguso huohuo ulifundisha mwaka 1964 kwamba wasioijua Injili pasipo kosa lao, nao humtafuta Mungu kwa moyo mnyofu na kufuata dhamiri yao kwa msaada wa neema, waweza kuupata wokovu. Basi wema wa mzee huyo hauuaibishi ubatizo. Nao watoka kwa Mungu yule yule. Ila mtu asiseme: "Kwa hiyo sihitaji kubatizwa." Mwenye kuipata njia gizani kwa kupapasa hawezi kuichukia taa aletewapo. Katika ubatizo twasamehewa dhambi, twafanywa wana wa Mungu, twaingizwa katika mwili wa Kristu, na twamjua kwa jina Yule ambaye dhamiri yetu ilikuwa ikimsikia pasipo kumwona.

Tena yafaa mjue jambo moja ili msivunjike moyo. Mkristu si mtu asiyekosa kamwe. Mtakapobatizwa mtaweza bado kuanguka. Lakini hata hapo imani huonekana, kwa namna mtu aamkavyo. Zakeo alikuwa mdhalimu, na mji mzima ulijua. Siku Yezu alipoingia nyumbani mwake, hakusema tu kwamba amejuta. Alitoa nusu ya mali yake kwa maskini, na wale aliowadhulumu aliahidi kuwarudishia mara nne. Mume aliyempiga mkewe, akamwomba msamaha mbele ya watoto na asirudie tena. Mtu aliyemsingizia jirani, akaenda barazani pale pale aliposema uongo, akaufuta: hao wamefundisha dini kuliko mtu ambaye hakupata nafasi ya kukosa.

VII. MWENENDO WAFUNGUA MLANGO, NENO LAINGIA

Je, basi tunyamaze, tuishi vema tu? Hapana. Papa Paulo VI, katika barua yake ya mwaka 1975 juu ya kuhubiri Injili, alifundisha kwamba mwenendo wa Wakristu huwafanya watu waulize mioyoni: kwa nini watu hawa waishi namna hii? Lakini aliongeza kwamba ushuhuda huo hautoshi peke yake, kama haufuatwi na neno linaloeleza jina na mafundisho ya Yezu. Pakomio aliona chakula kwanza, kisha aliuliza, kisha akajibiwa. Kama wale watu wa Thebe wangeleta chakula na kukataa kutaja jina la Kristu, angalijua tu kwamba wako watu wakarimu.

Kwa hiyo jirani akikuuliza kwa nini hukuchukua mali ya marehemu, usiseme, "Ni tabia yangu tu." Mjibu kwa upole na heshima, kama Mtakatifu Petro alivyotuagiza, na kwa maneno machache: "Namfuata Yezu Kristu, naye ndiye aliyenifundisha." Akitaka kusikia zaidi, umlete kwa katekista.

KUJICHUNGUZA

Katika Eklezia ya kale, kitabu kiitwacho Mapokeo ya Mitume chaeleza kwamba wakatekumeni walipokaribia ubatizo, uliulizwa mwenendo wao: je, wamewaheshimu wajane? Wamewatembelea wagonjwa? Wametenda kazi njema? Na wale waliowaleta ndio waliotoa ushuhuda. Nasi tujiulize kila jioni kabla ya kulala:

1. Leo nimepima na kulipa kwa haki, hata pale ambapo hakuna aliyenitazama?
2. Watu wa nyumba yangu wamefurahi au wameogopa niliporudi?
3. Ni mtu gani asiyeweza kunilipa ambaye nimemsaidia?
4. Nimesema au nimesikiliza maneno ya kumsingizia mtu uchawi, nami nikanyamaza?
5. Nimeficha imani yangu kwa haya, au nimeionyesha ili nisifiwe?
6. Kuna mtu wa kumrudishia mali yake au sifa yake? Nitakwenda lini?

Mtakapobatizwa katika Mkesha wa Pasaka, mtapewa mshumaa uliowashwa katika mshumaa mkubwa wa Pasaka. Mtatoka nao kanisani kwenda katika giza la njia ya nyumbani, na majirani wasiobatizwa watakuwa wamesimama milangoni, wakitazama. Mwombeni Roho Mtakatifu tangu sasa, ili wakiwatazama asubuhi ya Jumatatu, shambani na sokoni, wauone bado mwanga ule ule, wamtukuze Baba aliye mbinguni.